Rangi Haikufika Chini ya Goli

Jumamosi, Ukonga

Najua ni rangi tu, lakini bado naona kama wamenifuta mie.

Leo tumepaka upya mistari ya kiwanja chetu cha kikapu. Mabinti ninaowafundisha walianza na mstari wa pointi tatu, ule wa mbali na goli, wakaupaka mara mbili mpaka ukang'aa. Walipofika kwenye boksi la chini ya goli, rangi ikaisha. Nikawaka. "Mngeanza huku! Mechi inachezwa huku!"

Neema, mrefu kuliko wote, akanijibu kwa adabu: "Samahani kocha, huko siku hizi tunapitaga tu."

Tunapitaga tu! Enzi zangu niliishi kwenye lile boksi. Mchezaji mrefu aliligeuzia goli mgongo, akala viwiko vya mbavu, akasubiri mpira. Ukirusha kutoka mbali, unatolewa nje. Sasa hata kwenye ligi ya kulipwa ya Marekani, tunayoitazama kwenye simu, yale majitu yanasimama mbali na kurusha kama wafupi.

Neema naye anarusha hivyohivyo, na mpira unaingia. Sikumfundisha mie. Naogopa, nimebaki na kipi cha kuwapa?

Walipoondoka nikajaribu kurusha kutoka mbali. Mpira haukugusa hata ringi. Kumbe Neema alikuwa amerudi kuchukua chupa yake ya maji. Hakucheka.

"Kunja magoti kidogo, kocha."

Nikakunja. Mpira ukagonga ringi, ukaruka pembeni. Miguu yangu haikuniuliza, ikaufuata, nikaudaka ndani ya boksi kabla haujatua.

Neema alikuwa bado amesimama palepale, anautazama mpira mikononi mwangu. Kuufuata mpira uliokosa, hilo bado sijamfundisha.