Gari Alilopewa Doto

Doto pacha wangu,

Hamjambo huko Arusha? Shemeji na watoto wazima? Baba anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, aliniagiza nikuulize kama bado unaliacha gari lipate moto asubuhi kabla ya kuliondoa. Hakuagiza lingine. Naliweka hapa mwanzoni nisije nikalisahau, maana ningependa kulisahau.

Barua hii naituma kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa magari ya zamani, wenzetu wote waisome. Najua ungependa nikupigie. Lakini kwenye simu utanichekesha, na mimi nikishacheka nasahau kwamba nakuonea wivu. Safari hii nataka niseme hadi nimalize.

Unakumbuka siku Baba alipolileta? Tulikuwa bado tunavaa sare za shule ya msingi. Yeye alikuwa dereva wa lori la pamba, na gari lile alilinunua kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao: la spoti, milango miwili, pua ndefu, rangi ya ndizi mbivu. Majirani wetu wa Pasiansi, hapa Mwanza, walitoka kuliangalia. Mama, Mungu amrehemu, aliuliza swali moja tu: "Na magunia ya mahindi yatakaa wapi?" Baba akasema mahindi yatatafutiwa usafiri wake. Wewe ulikimbilia usukani. Mimi niliomba afungue boneti.

Tuligawana hivyo siku ile na hatukubadilishana tena. Mimi nilijifunza kusafisha kabureta, nikawa nainusa plagi na kumwambia Baba injini inakula mafuta kupita kiasi. Wewe ulikaa kwenye kiti ukapiga honi. Lakini Baba akishanawa mikono na kuingia ndani, aliyekaa karibu naye akamchekesha alikuwa wewe.

Halafu zile Jumapili. Baada ya ibada tulikwenda naye ufukweni, pale wenye magari ya zamani wanapoegesha pua zikitazama ziwa. Mzee Salehe, yule muuza vitambaa mwenye gari ambalo paa lake halifungi, ndiye aliyekuwa anaanzisha maswali. Unapewa gari zuri lisilowaka na gari baya lisilozimika, unachukua lipi? Gari lako lingekuja kuposa binti yako, ungelikaribisha ndani? Mvua ikianza ghafla, unakimbilia kumfunika mkeo au gari? Hilo la mvua alilijibu mwenyewe. "Mke wangu ana miguu," alisema, na mkewe alikuwa amesimama palepale ameshika chupa ya chai.

Siku moja aliniuliza mimi: "Kulwa, hili la baba yako lina kasi gani?" Nikamweleza kwamba inategemea matairi, upepo unaotoka ziwani, na injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Nilieleza vizuri. Watu walitikisa vichwa kwa adabu. Mzee Salehe akakugeukia wewe na swali lilelile. Ukasema, "Inategemea nani kaliudhi." Baba alicheka mpaka akaegemea gari. Jibu langu lilikuwa sahihi, Doto. Hata leo ni sahihi.

Na walipokuuliza, kati ya gari na pacha wako ungemwacha nani Mwanza, ulisema ungemwacha Kulwa kwa sababu Kulwa haibiwi. Nilicheka pamoja nao. Jioni ile nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ulipokuwa unajiandaa kuolewa, macho ya Baba yalikuwa yameanza kufifia na hakuruhusiwa tena kuendesha. Alituita sebuleni wote wawili. Nilijua anachotaka kusema. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la spea, kila kipuri kilichoingia kwenye gari lile kilipita mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshapanga hata mahali pa kuliegesha. Akatoa ufunguo mfukoni, akakupa wewe. "Utaondoka nalo," alisema. Ukamkumbatia shingoni. Mimi nilisema hongera, kisha nikaenda kukuangalizia maji ya rejeta kwa ajili ya safari, kwa sababu wewe usingekumbuka.

Tangu hapo nimeishi na picha zako. Gari mbele ya mlima. Gari na shemeji kavaa miwani. Gari limefungwa maua kwenye harusi ya watu nisiowajua. Kila picha naipitia kwa makini kama polisi wa usalama barabarani: tairi la mbele limeisha upande, taa ya kushoto ina ukungu, nani kakubandikia huo utepe mweusi. Halafu nampelekea Baba simu, namsomea maneno yako, naye anasema, "Huyo Doto huyo." Ananiomba nirudie. Ninarudia.

Kila siku alasiri tunakaa barazani. Mimi ndiye ninayemwekea matone ya macho, ninayemkatia samaki na kutoa miiba. Na likipita gari lenye mlio mzito barabarani, anainua kidevu. Mimi najua anamsikiliza nani.

Sasa nikwambie jambo ambalo wenzetu wamelificha kwa niaba yangu. Mwaka jana Fundi Masanja aliniambia kuna gari huko Buswelu, limelala nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia ndani. Nilikwenda naye. Alipovuta turubai nilikaa chini kwenye nyasi. Lilikuwa ndugu yake na la Baba, aina ileile, pua ileile, isipokuwa kutu ilikuwa imekula sakafu na rangi yake haikujulikana tena. Masanja akaniuliza, "Unalitaka kwa sababu unalipenda, au kwa sababu mwenzako analo?" Nikamwambia avute kamba, tulipandishe kwenye gari la mizigo.

Tulilitengeneza kwenye uwanja wake, siku zangu za mapumziko, kimyakimya. Mzee Salehe alileta kitambaa cha viti na hakutaka shukrani, ila aliuliza kama kuku nao wataalikwa kwenye uzinduzi. Nililipaka bluu. Sikutaka mtu yeyote aseme nimekuiga.

Wiki iliyopita, Jumamosi alasiri, nililileta nyumbani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Baba. Nilipokata kona ya kuingilia kwetu nilikanyaga mafuta kidogo, kwa maringo tu. Nikamwona anainuka barazani bila fimbo. Hajainuka bila fimbo tangu masika. Uso wake, Doto, sijawahi kuupata uso ule ukinitazama mimi. Alishuka ngazi anapapasa ukuta, mkono mmoja mbele, akaita, "Doto. Doto, umekuja."

Nilizima injini. Nilitamani niwe wewe kwa dakika chache tu, nimwache afike, anishike. Sauti zetu zinafanana, angeamini. Nikasema, "Ni Kulwa, Baba. Shikamoo."

Alisimama. "Marahaba," akasema. Alipapasa boneti, akashuka na mkono hadi kwenye taa, akarudi juu. "Hili si la Doto?"

"La Doto liko Arusha. Hili ni langu. Nimelitengeneza mimi na Masanja."

"Wewe?"

"Mimi."

Hakusema hongera. Aliuliza mlango uko wapi, akaingia, akafunga mkanda. "Nipeleke Bujora," alisema, kama mtu anayemwambia dereva wake. Basi tukaenda kwao alikozaliwa. Tulipita Kiseke na Buswelu, tukatokea barabara ya Musoma. Njia nzima alikuwa anasikiliza. Karibu na Igoma alisema valvu moja inagonga. Nikasema nimeisikia. Kufika Kisesa akasema breki zangu ni nzuri kuliko zake zilivyowahi kuwa, nikalazimika kutazama dirisha la upande wangu kwa muda.

Hapo ndipo nilipouliza. Sikuuliza kwa upole. Nilisema, "Baba, mimi ndiye niliyelitunza lile gari. Kwa nini ulimpa Doto?"

Alishangaa, nadhani, kwamba ni jambo la kuuliza. "Doto alikuwa anaondoka," alisema. "Nilimpa kitu cha kumrudisha. Nilijua gari likisumbua atakuletea wewe, basi na mimi nitamwona. Wewe ningekupa la nini? Wewe upo."

Nimelitafuna hilo "upo" wiki nzima. Masanja anasema ndilo neno zuri kuliko yote ambayo baba anaweza kumwambia mtoto. Huenda. Lakini mtu anayekuwepo hakuna anayemwinukia bila fimbo. Kwa hiyo wivu wangu haujaisha, na sasa umepata la nyongeza: umepewa gari ili urudi, na hujarudi. Unalipeleka kwenye maua ya harusi za watu. Mafundi wa Arusha wanalitengeneza vizuri kiasi kwamba halijakupa sababu ya kunitafuta, na mimi, Mungu anisamehe, nimekuwa naomba liharibike.

Usisubiri liharibike. Baba anaona vivuli tu siku hizi, na daktari hasemi kwamba vitabaki. Masikio yake bado ni mazima. Njoo kabla ya mvua, njoo nalo lilivyo, na taa yake yenye ukungu. Mzee Salehe ana maswali amekuwekea, hataki kumpa mtu mwingine. Mwache Baba akuinukie, mimi nitasimama pembeni nivumilie. Halafu tutayaegesha mawili bega kwa bega mbele ya baraza, tuyawashe kwa zamu, ayasikilize mpaka aweze kusema, bila kuambiwa, lipi ni la Kulwa.

Aliyekutangulia kuzaliwa, na asiyeibiwa,

Pacha wako,
Kulwa