Mke wa Mwanamfalme na Mke wa Mwakio

Al-Safa, Jeddah
Jumapili, nguo zikiwa bado kwenye kamba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Na baridi ya Wundanyi je, unavaa sweta au bado unajifanya msichana ukienda shambani? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Vidole vimepasuka kwa sabuni, na joto la hapa halina adabu, lakini ninakula, ninalala, na Madam hajanipigia kelele wiki nzima. Hilo peke yake ni habari ya kuandikia nyumbani.

Barua hii anakuletea Mkamburi, rafiki yangu wa mtaa wa Kandara hapa Jeddah ambaye amemaliza mkataba anarudi nyumbani. Mpe chai, ametoka mbali. Najua utauliza kwa nini nahangaika na kalamu na simu ninayo. Ni kwa sababu nikitaja jina la Sabina kwenye simu, mtandao wako huharibika papo hapo. Na kwenye group ya familia siandiki, maana Mjomba hujibu kabla hajasoma. Karatasi huwezi kuikatia, Mama. Kaa chini uisome.

Niliyapata yale maneno Mjomba aliyotuma, ya kuchongwa kwenye jiwe la kaka Mwakio kabla ya ibada ya kumkumbuka. Mwana mpendwa wa fulani, mjukuu wa fulani, ndugu wa fulani na fulani. Nikasoma tena nikitafuta mke. Hayumo. Mtu akipita pale kaburini atadhani kaka alikufa kapera. Halafu ukaniambia kwamba ibada ikiisha Sabina arudishe ufunguo wa nyumba aende kwao Kitui, kwa sababu hakuzaa, na aliyemleta kwetu hayupo tena. Siku ile sikukujibu. Sikuwa na la kusema. Sasa ninalo, na nimelipata Riyadh.

Madam wangu yumo kwenye chama cha akina mama wanaofundisha wasichana kudarizi. Wakapata habari kwamba anakuja kuwatembelea mgeni kutoka Japani, mama wa ukoo wa mfalme wao. Madam akachaguliwa kumtambulisha mbele ya watu. Akanichukua kutoka huku Jeddah tukapanda ndege, eti kahawa ya watumishi wa dada yake aliyeko Riyadh ni maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo mwanao alikwenda Riyadh kwa sababu ya kahawa. Sikulalamika.

Siku moja kabla ya shughuli, Madam na binti yake Reem wakakaa sebuleni kuandika utambulisho. Alikuwepo pia mama mmoja wa Kijapani, mfupi, nywele nyeupe, anayejua Kiarabu vizuri kuliko mimi ninavyojua Kitaita. Yeye alitumwa kuhakikisha mgeni anatajwa sawasawa. Mama, walianza baada ya chakula cha mchana, na adhana ya jioni ikawakuta kwenye sentensi ya pili. Mimi nilikuwa nazunguka na birika, masikio yote pale mezani.

Reem alikuwa ameandika kwamba mgeni ni binti wa mfalme. Yule mama akasema hapana. Hakuzaliwa nyumba ile, aliolewa humo, alikuwa mtoto wa watu wa kawaida. Cheo chake ni Mtukufu, Mke wa Mwanamfalme, kisha jina la mumewe, kisha jina lake mwenyewe. Vyote vitatu, cheo na majina mawili, hata kimoja kisikosekane.

Reem akasema, "Lakini mume alishafariki. Na hawakupata mtoto. Sasa anaitwaje mke?"

Yule mama hakukasirika. Akasema, "Mume amekufa, ndoa haikuvunjwa. Kwetu sheria ni hiyo. Mjane anabaki mtu wa nyumba ya mfalme, na cheo chake kilekile. Akitaka kuondoka, aombe yeye mwenyewe. Hafukuzwi kwa kuwa mjane."

Nilisimama na birika mkononi. Madam akaniita, "Wakesho, yalla, gahwa," yaani haraka, kahawa, lakini sikusikia. Mama, nyumba ya mfalme ile. Wangetaka kumtoa mtu, nani angewazuia?

Halafu wakafika kwenye maisha yake. Reem alikuwa ametoa vitu kwenye mtandao: kwamba alikuwa na huzuni, kwamba alijificha miaka mingi, kwamba wakwe hawakumpenda kwa sababu ya mtoto. Yule mama akasoma polepole, akavua miwani. "Haya mnayajua, au mmeyasoma?" Wakafuta. Lakini yule mama alifuta na sifa pia. Reem alikuwa ameandika kwamba mgeni ni malaika wa maskini, yule mama akamwambia, "Si malaika. Amefundisha watoto viziwi miaka mingi. Andika hivyo, inatosha."

Madam akataka kuchangamsha mambo, akanigeukia. "Wakesho, huko kwenu mke wa mtu mkubwa mnamwitaje?" Nikamwambia tunamwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akafurahi, akasema na wao vilevile, yeye mwenyewe kila mtu anamwita Um Reem. Ndipo yule Mjapani akaniuliza, kwa upole tu, "Na asiye na mtoto?"

Nilifikiria Sabina amekaa kwetu miaka yote ile, na sisi tunamwita yule. Yule amekuja. Yule hajachota maji. Mwambieni yule. Nikasema chumvi imeisha jikoni, nikatoka.

Siku ya shughuli ukumbi ulijaa manukato na abaya za kila namna. Mgeni akaingia. Nilitarajia taji, wallahi, nilitarajia hata farasi. Akaingia mama mwembamba, gauni la rangi ya majivu, anatembea kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Na ukumbi mzima ukasimama bila kuambiwa. Sijui nikuelezeje.

Madam akasoma utambulisho. Alipotaja jina la marehemu mume, mgeni akainamisha kichwa kidogo. Alipotaja jina la mgeni mwenyewe, akakiinua. Basi. Hakuna aliyelia wala kupiga makofi, lakini mimi nyuma pale na birika langu machozi yalinitoka. Mtu amekufa, na mke wake anaitwa mke wake mbele ya watu wa nchi nyingine, wala hakuna anayeona ni jambo la ajabu. Ajabu niliiona mimi.

Halafu kikaja kichekesho. Hapa ukishatosheka na kahawa unatikisa kikombe, la sivyo mmiminaji anaendelea. Mgeni hakuambiwa. Mimi namimina, yeye anakunywa kwa heshima, mimi namimina tena. Nilimwonea huruma. Nikainama nikajifanya narekebisha sahani, nikatikisa vidole vyangu hivi. Akaelewa. Akatikisa kikombe, akanirudishia kwa mikono yote miwili, akasema kitu kwa yule mama mwenye nywele nyeupe. Yule mama akaniambia, "Anauliza unaitwa nani." Nikasema. Akalirudia, "Wakesho," polepole, mpaka likatoka sawa. Miaka yangu yote hapa, Mama, wageni wa nyumba hii huniita kwa kidole.

Sasa nirudi kwa Sabina. Sitakudanganya kwamba ni malaika. Ana mdomo. Alikujibu vibaya mbele ya wazee siku ile ya mahari na hakuomba msamaha, na mkutano wa familia kwake ni kama adhabu. Hayo ni kweli. Lakini kaka figo zilipokufa na gari haliwezi kupanda mpaka kwetu, nani alimbeba mgongoni kushuka hadi barabarani kila walipokwenda kwenye mashine ya kusafisha damu kule Voi? Wewe uliona. Mimi nilikuwa huku na bado nilimsikia kaka kwenye simu akicheka, anasema leo nimepanda farasi wangu wa Kitui. Nani alimwosha? Nani alimlisha uji akiutapika, akaupika tena? Haya tunayajua, Mama, hatukuyasoma mahali.

Basi ninalokuomba ni hili. Jiwe lisichongwe vile. Jina la Sabina liwepo, mke wa Mwakio, pale linapokaa jina la mke, juu ya majina yetu sisi ndugu. Wala msimwandikie sifa za uongo, hazihitaji. Na nyumba ile akae. Akitaka kwenda Kitui, aseme yeye, kwa mdomo wake huo mkali. Mjomba akikuuliza umeyatoa wapi, mwambie umeyatoa Japani.

Jana nilimpigia simu. Nikasema, "Wifi, habari za huko." Akauliza kwa adabu kabisa kama nimekosea namba.

Nilipomwambia ni mimi, Wakesho, na kwamba wifi ninayemtafuta ni yeye, hakukata simu. Akasema nguo zake ameshazifunga, nikuambie usihangaike kumtuma mtu, ufunguo atauacha kwa jirani. Nilimwomba asubiri barua hii ifike. Akasema atasubiri. Sijui kama alisema kweli, Mama. Kwa hiyo ukimaliza kusoma usikunje karatasi ukaweka chini ya godoro.

Nisalimie Mjomba, mwambie simchukii. Nisalimie shangazi mshona vikapu, na mdogo wangu wa mwisho, asome. Na vaa kanga, uteremke mwenyewe na goti lako hilo hadi nyumba ya chini, kwa Sabina. Piga hodi, na umwambie hivi: Wakesho anamsalimia wifi yake Sabina, mke wa mwanangu Mwakio. Useme vyote vitatu, hata kimoja kisikosekane.

Mimi mwanao anayekupenda na anayekuogopa,
Wakesho