Kivuko cha reli kimecheza

Shoga, nimeumbuka!

Kile kivuko cha reli tulichong'oa mbao zilizooza tukaweka mabamba ya zege, kazi niliyompa mdogo wangu, lori la kwanza tu limepita na mabamba yakacheza kama meza ya mguu mbovu. Mbele ya bosi!

Jana nilimwuliza, "Kokoto za chini mmezishindilia?" Akasema, "Haki ya Mungu, dada, hata tembo wacheze ngoma hapo juu."

Kaniapia, shoga! Kumbe walizimwaga tu wakafunika.

Bosi alipomwuliza, huyohuyo wa tumbo moja akaninyooshea kidole: "Dada ndiye aliyekagua."

Dada ndiye aliyekagua!!

Sasa hivi mama kapiga. Anataka niseme kosa ni langu. Eti mwenzangu ana watoto, mimi sina.