Kuku wa Mzee Mbonile

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Ofisi ya mtaa tupu — kisha akaingia Zaitun na barua ya malalamiko. Mwandiko mzuri. Kuku wa Mzee Mbonile. Banda linakaribia kugusa ukuta wa chumba anacholala Makame, mume wake. Makame kaendesha malori miaka ishirini, sasa mapafu hayamfikishi hata barabarani. Daktari kamkataza kufunga mwezi huu. Zaitun anasema mvua ikinyesha inaingia harufu, jua likiwaka linaingia vumbi la maranda.

Nilimwambia akae. Hakukaa. Alisema, dada Rozi, najua ni jirani yako pia.

Ni kweli. Nyumba ya mzee iko katikati yetu. Nimepokea, nimegonga muhuri. Mtendaji wa mtaa hachagui barua.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepima, mimi na bwana afya, Yesaya. Sheria ndogo inataka banda liwe mita tano kutoka nyumba ya jirani, ila jirani mwenyewe akiridhia kwa maandishi. Kuku wasizidi ishirini. Wasizurure.

Ukuta wa Zaitun: sentimita arobaini. Kuku: thelathini na mmoja.

Mzee ndiye aliyeshika ncha ya pili ya futi kamba. Akasema, soma wewe mwanangu, macho yangu hayafiki hapo. Nikasoma. Hakubisha. Alieleza tu kwamba sita wa kwanza marehemu mkewe alitoka nao Ikinga, ndani ya kikapu, kwenye basi. Yesaya akauliza ni mwaka gani, akiwa na kalamu mkononi, kama vile kuna mahali pa kuandika hilo. Hakuna.

Nimempa siku saba. Amesaini notisi juu ya ndoo.

Mume wangu Ezron alipofariki, mzee huyu alilala kwenye turubai letu siku zote tatu. Naandika tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani, nimekuta Makame yuko nje. Mara ya kwanza tangu Krismasi. Kakaa kwenye stuli karibu na banda, mzee kasimama. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia.

"Sikutaka iandikwe barua, mzee. Lakini sipumui."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje? Mayai yako nimeyala mwaka mzima."

Makame akakohoa kwa muda mrefu, mzee akamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Halafu akamwingiza ndani mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Kumi na mmoja wameondoka. Amekuja mama mmoja wa Nakonde, anawaita nkoko, kawafunga miguu watatu watatu akavuka nao mpaka. Mzee hakusogea kuwaaga. Alikuwa anang'oa misumari ya banda.

Banda limebomolewa kufika saa nane. Kuku ishirini wako jikoni kwake. Anapika kwenye korido.

Yesaya amepima uwanja wote. Nyuma kuna shimo la choo. Mbele ni hifadhi ya barabara. Imebaki sehemu moja — upande wangu. Mita mbili na nusu kutoka dirisha la chumba changu cha kulala.

Akasema, hapa lazima ridhaa ya jirani, halafu mtendaji athibitishe. Akaangalia fomu, akaniangalia mimi.

"Jirani ni wewe, mama."

Nikamwambia aiache fomu mezani.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia bosi wangu wa kata. Nimeuliza: mtu mmoja anaweza kuridhia kama jirani halafu akathibitisha ridhaa yake mwenyewe? Akacheka. Akasema tumia busara. Nikaomba aniandikie hivyo. Akasema yuko kikaoni.

Jioni nimefungua dirisha la chumbani, nikasimama hapo. Ishirini si wengi. Wala si wachache. Nina usingizi mwepesi tangu Ezron aondoke. Hilo halipo kwenye sheria ndogo.

Mzee hajaja kuniomba. Siku zote hizi hajapita hata mlangoni kwangu. Angeomba ingekuwa rahisi kukataa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika ofisini. Notisi inaisha leo.

Mzee Mbonile alikuwa hapa kabla sijafungua. Koti la suti, kofia mkononi. Nikamwita ndani. Akabaki kizingitini.

"Mheshimiwa mtendaji, nimekuja kusikia."

"Kusikia nini, baba?"

"Kama jirani amekubali."

Hakutania. Uso ulikuwa uleule wa siku ya kupima. Nikamwomba asubiri kidogo. Akaenda kukaa kwenye benchi la barazani, kofia magotini.

Nimesaini mstari wa jirani. Haikuchukua muda. Mstari wa mtendaji uko chini yake, vidole viwili hivi. Nikisaini, Zaitun ana haki ya kuuliza kwa nini sheria ilimbana mzee upande wake ikalegea upande wangu. Nisiposaini, kuku ishirini hawana pa kwenda na ridhaa yangu ni karatasi tu. Muhuri nimeshauchovya wino. Unakauka.

Zaitun amefika sasa hivi, mwavuli unachuruzika. Sijui kimemleta nini. Amemwamkia mzee, mzee amesogea, wamekaa benchi moja. Mvua inapiga bati, sisikii wanachosema. Mzee ananyoosha kidole huku kwenye mlango wangu. Zaitun anatikisa kichwa — sijui kwa lipi.

Sasa wote wawili wananitazama.