Nafasi Moja ya Kambi ya Hesabu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mikono yako iliyokuwa ikichubuka kwa dawa za kufulia mashuka ya hospitali imepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anaendelea kuchomelea mageti, na kikohozi kimepungua tangu alipokubali kujifunga kitambaa puani. Kitinda mimba wako amerefuka, ananipita sasa.

Najua Baba ameshakwambia kuwa nimerudi kutoka kambini na sikuchaguliwa. Lakini Baba humjui? Maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko. Nimeona nikueleze mwenyewe, maana nikinyamaza litanioza moyoni.

Mashindano haya ya hesabu, Mama, mwanafunzi hajiandikishi kama anayekwenda kucheza mpira. Shule ndiyo inayojiunga kwanza, na yetu haikuwahi kujiunga mpaka alipokuja mwalimu wa hesabu tuliyempa jina la Kipeo, kwa kuwa kila jambo kwake lazima lizidishwe. Mwalimu mkuu alimwambia mambo hayo ni ya shule zenye maabara. Kipeo akamjibu kwamba hesabu haidai maabara, inadai penseli na mtu mbishi. Basi akaruhusiwa.

Mtihani wa kwanza ulifanyika palepale shuleni, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuufanya, hata anayeshika mkia darasani. Maswali hayakuwa yale tuliyozoea. Jibu peke yake halikutosha, ulitakiwa uthibitishe kwamba haliwezi kuwa jingine. Wenzetu walitoka wakicheka, wakisema mtunzi alikuwa amegombana na mkewe. Tuliovuka ni wawili tu, mimi na Kitinda.

Tangu hapo kila tukitoka shule tulikaa karakana kwa Baba, tukiandika kwa chaki kwenye mabaki ya mabati. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha. Baba alikuwa akizima mashine yake ya kukatia chuma ili tusikilizane, na wateja wakilalamika anawaambia wangoje, kuna watu wako kazini. Sijui kama nitapata tena siku tamu kama zile.

Mtihani wa pili ulifanyika katika ukumbi wa shule nyingine, nasi tukaelezwa kwamba shule inayoshiriki kwa mara ya kwanza hupewa nafasi moja tu kambini. Matokeo yalipotoka, nafasi ikawa yangu. Kitinda alikuwa ameacha swali la mwisho wazi kabisa. Alisema muda ulimwishia. Nilimfariji, Mama, na sikufichi kwamba nilimfariji kama mkubwa anavyomfariji mdogo.

Kambini ndipo nilipojua kuwa nimekwenda kuogelea baharini kwa mazoezi ya beseni. Wenzangu walianza tangu wadogo, wameyapitia maswali ya miaka yote iliyopita mpaka wanayataja kama majirani zao. Mimi kuna mengine niliyasoma mara tatu nisijue hata ninaulizwa nini. Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole, aliniita pembeni akaniambia kichwa ninacho, ila nimechelewa kuanza. Akasema ningekuwa na mwaka mwingine shuleni angeniita tena, lakini aliyemaliza sekondari haruhusiwi. Waliposomwa sita wa timu ya taifa, nilipiga makofi pamoja na wengine.

Niliporudi nilikuta Kipeo amehamishwa. Mwalimu aliyekuja badala yake anasema mtihani wa taifa unamtosha, hana nafasi ya michezo ya akili. Siku za kuandikisha shule kwa mashindano yajayo zimepita na yetu haimo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi tulikuwa tunafua sare, nami nikawa namweleza Kitinda swali moja la ule mtihani wa pili: kwamba katika ukumbi wowote ambamo watu wamepeana mikono, lazima wapatikane wawili waliopeana mikono na idadi sawa ya watu. Nilikuwa namweleza njia yangu, ndefu kama kamba ya kisima. Akanikatiza, bila kuinua kichwa, akasema kama yupo aliyemshika mkono kila mtu, basi hawezi kuwepo ambaye hajashikwa mkono na yeyote, kwa hiyo idadi zinazowezekana zinakuwa pungufu kwa moja kuliko watu, na wawili lazima walingane. Ikaishia hapo.

Mama, lile ndilo swali aliloliacha wazi.

Nilimuuliza alilijua tangu lini. Akakamua shati, akalikung'uta, akalianika. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa na mwaka mwingine, Dada. Wewe hukuwa nao."

Njia nzima ya kurudi kutoka kambini nilikuwa najipoza kwamba shule yetu angalau ilipeleka aliye bora. Hata hilo sina tena. Na mwaka wake aliouweka akiba umekwenda, naye hagusi chaki. Nikimwita karakana anasema ana usingizi.

Tafadhali mpigie simu, usimgombeze, wala usimwambie nimekuandikia. Zungumza naye lolote. Baba anakusalimu na kukuombea usingizi mwororo baada ya zamu zako.

Mimi niliyetangulia kukuita Mama,
Binti yako mkubwa