Soketi za Nyuma za Gari la Mbaraka

Mikumi,
Jumatano, baada ya alasiri

Kwako Dada Somoe,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti halikusumbui kama mwezi uliopita. Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Mengine utayasoma.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu ndani ya siku hizi nikitaka kukwambia, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za korosho. Ndiyo maana nimempa barua hii mama jirani yangu anayesafiri kuja huko Newala. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Unamkumbuka Mbaraka, yule dereva wa watalii niliyekuwa nakusimulia, aliyenipokea nilipofika Mikumi simjui mtu? Nilikwambia alikufa mwaka jana, gari lilishika moto. Nilikwambia pia kwamba alikuwa amebeba dumu la petroli nyuma ya gari. Hilo la petroli ni uongo, na nilijua ni uongo wakati nakwambia.

Ilikuwa hivi. Tajiri wetu, mwenye magari na gereji, alipata wageni wa kwenda milima ya Malolo kuangalia ndege. Walitaka umeme nyuma ya gari, wa kuchaji kamera na wa friji dogo la dawa za mama mmoja mzee. Nikaambiwa niweke soketi kwenye viti vya nyuma. Kazi yenyewe si ngumu. Unavuta waya mnene kutoka kwenye betri, unaupitisha chini ya kapeti mpaka nyuma, unafunga soketi. Ila ni lazima pale karibu na betri uweke fyuzi, ili waya ukichunika ukagusa chuma, fyuzi ikatike na umeme ufe hapo hapo. Asubuhi ile fyuzi za saizi hiyo zilikuwa zimekwisha, mpaka ziletwe kutoka Morogoro, na wageni walishakaa kwenye gari. Nikaunga waya moja kwa moja kwenye betri, nikaufunga tepu vizuri, nikasema moyoni, wakirudi nitaiweka.

Mbaraka akakaa kwenye usukani, akaniuliza, "Fundi, tayari?"

Nikamjibu, "Tayari."

Akaniomba nimjazie dumu lake la maji. Nililijaza mwenyewe bombani, nikaliweka nyuma.

Walivyosimulia wageni, walikuwa wameshaipita Kisanga, barabara mbovu, gari linarukaruka, moshi ukaanza kutoka chini ya kiti cha nyuma. Wote walishuka isipokuwa yule mama mzee, mkanda ulimng'ang'ania. Mbaraka alirudi ndani akamtoa. Yule mama alipona. Mbaraka aliungua vibaya, akalazwa siku nne, ya tano tukamzika kwao Msowero. Pale mazikoni tajiri alisema mbele ya watu kwamba marehemu alibeba dumu la petroli kinyume na utaratibu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika chepe. Nikaendelea kufukia.

Tangu siku ile, dada, sipati nafasi ya kuwa peke yangu. Usidhani nimerukwa na akili, simwoni Mbaraka. Nasikia harufu, harufu ya plastiki inayoungua. Naisikia kwenye chai, naisikia nikisujudu. Nikipita mbele ya hoteli nikakuta gari la watalii limeegeshwa, mkono unakwenda wenyewe kufungua boneti nitazame betri. Dereva mmoja alinikuta nafanya hivyo, akanikaba ukosi akidhani mimi ni mwizi. Nikamwambia nataka kuona fyuzi tu. Akaniachia mwenyewe akarudi nyuma. Nadhani aliogopa macho yangu.

Wiki iliyopita tajiri akaleta gari jingine la watalii, fowili, akaniambia niweke soketi za nyuma, tatu, kama zile za mwanzo. Alitamka hivyo hivyo, kama mtu anayeagiza chapati. Kazi ya nusu siku niliifanya siku mbili. Niliweka fyuzi kwenye betri, nikaweka nyingine nyuma, nikauvalisha waya mpira kila unapopita kwenye chuma, nikapima, nikafumua, nikafunga upya. Alhamisi akaja dereva mpya kulichukua. Akakaa kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, tayari?"

Nilifungua tena boneti nikatazama fyuzi. Akauliza tena. Nikaweka bisibisi chini, nikatoka gereji. Jumamosi yake nikapanda gari la Kilosa, kisha la Msowero.

Nilimkuta mjane wake, mama Zuhura, anapepeta mchele, na baba yake Mbaraka, Mzee Kibwana, amekaa barazani anashona gunia. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba akinitazama kama mgeni mwema. Mama Zuhura akaniletea kiti, akanishukuru kwa kuwakumbuka, maana wenzangu wa gereji hawajakanyaga pale tangu maziko. Katika maongezi akanieleza kwamba mtoto wao, Zuhura, yuko darasa la nne, na shuleni wenzake wanamwita mtoto wa petroli. Mzee naye haendi kaburini. Alisema mwenyewe, bila ukali, kwamba mwanawe nusura aue watoto wa watu kwa uzembe, na yeye hajui aanzie wapi kumwombea.

Hapo nikasema. Nilisema yote, dada, kuanzia fyuzi mpaka bombani. Mama Zuhura aliweka ungo chini. Mzee hakuinua uso, aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. Ndipo akaniuliza, "Yeye alijua kwamba waya hauna hicho kitu?"

Ningeweza kusema alijua. Hapakuwa na wa kunikanusha.

"Hakujua," nikasema. "Aliniuliza kama tayari, nikamwambia tayari."

Mzee akamwita Zuhura kutoka nyuma ya nyumba, akamkalisha mbele yangu. "Mwambie na huyu."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nilimwambia kwamba moto uliletwa na mimi, na kwamba baba yake alirudi ndani ya gari kumtoa mama wa watu. Alinisikiliza huku akikwaruza ukucha. Aliuliza jambo moja tu, "Kwa hiyo dumu lilikuwa la maji?" Nikamwambia, la maji. Akasimama, akatoka mbio kwenda kwa majirani, na sisi tuliobaki tukawa tunamsikia kule ng'ambo ya uzio, nyumba hadi nyumba, anasema la maji, lilikuwa la maji.

Mama Zuhura aliingia ndani, hakutoka tena kuniaga. Mzee hakunisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Aliniambia nirudi Ijumaa, nisimame baada ya swala niseme mbele ya watu wale wale waliomsikia tajiri. Nimekubali. Nikitoka msikitini nitakwenda polisi kwa miguu yangu.

Juzi Jumatatu nilimweleza tajiri. Hakufoka. Alifunga mlango wa ofisi, akaniambia nikufikirie wewe na watoto wako, akasema marehemu hawezi kudhurika tena. Nikamwambia Zuhura anadhurika kila siku anapokwenda shule. Akaniambia nikabidhi funguo za stoo. Nimekabidhi.

Nilidhani nikishasema ile harufu itaniacha. Haijaniacha. Hata sasa naandika, ipo humu chumbani.

Watu wakija kukuuliza huko nyumbani, nakuomba usinitetee. Usiseme mdogo wangu alilazimishwa. Sikulazimishwa, dada. Niliona haya kuwasubirisha wageni.

Nisalimie shemeji. Kaka Issa, mkubwa wetu, mpe shikamoo yangu, na yeye unaweza kumsomea barua hii. Shangazi Biti Saidi bado, mwache kwanza, mwambie tu ile dawa yake ya miguu nimeiagiza. Wapwa zangu wote wawili wabusu, na yule mdogo mwambie mjomba hajamsahau.

Simu nitaiacha wazi, lakini usinipigie kabla ya Ijumaa kupita. Nikisikia unalia, sitakwenda.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Yusufu