Kibla ya Ghorofa ya Nne

Jumapili, alasiri. Theluji nyepesi inaanguka hapa Weston, Toronto, ile isiyokaa chini. Ninaandika haya polepole, kitufe baada ya kitufe.

Jana mjukuu wangu Rahma alinipeleka kuona nyumba aliyopanga. Amepata kazi ya kuchora matangazo, anataka kukaa na wasanii wenzake upande wa magharibi, kando ya reli, kwenye kiwanda cha zamani kilichogeuzwa makazi. Wenyewe wanaziita lofti. Mama yake analalamika kuwa mtoto anahamia kiwandani wakati nyumba zipo. Mimi nilikuwa nikicheka.

Nilicheka mpaka gari lilipokata kona.

Matofali mekundu. Madirisha marefu ya vioo vidogo vidogo. Chini wamefungua duka la kahawa, na ukutani wamechora samaki wa zambarau, lakini mlango wa lifti ya mizigo ni ule ule, na bado unalia ukifungwa.

Familia yangu inaamini kwamba nilipofika Toronto nilifanya kazi maktabani. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Tanga. Niliona aibu wanangu wajue kwamba vyeti vyangu havikufaa kitu huku, na kwamba kwa miaka sita nilishona mifuko ya makoti katika ghorofa ya nne ya jengo hili.

Huo ndio uongo mdogo.

Rahma alinisukuma kwa kiti changu cha magurudumu mpaka chumbani kwake, ghorofa ile ile ya nne. Kuta zimepakwa rangi nyeupe, nguzo za mbao zimeachwa kama zilivyokuwa. Adhuhuri ilipoingia alitandika mswala, na kabla hajatoa simu yake mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.

"Kule, kati ya nguzo na lifti."

"Hapana, Bibi. Simu inasema huku, kaskazini mashariki."

"Sisi tulikuwa tunaelekea kule."

"Sisi nani?"

Zamani hizo tulifuata ramani ya ukutani, tukaswali kuelekea kusini mashariki. Miaka baadaye ndipo tulipoelezwa kuwa dunia ni mviringo na njia fupi ya kwenda Makka inapitia kaskazini. Nilikuwa nimeonyesha kibla ya watu waliowahi kuswali ndani ya chumba kile.

Basi nikamwambia yote.

Cherehani yangu ilikuwa jirani na ya Salama, mwanamke wa Mombasa. Kuswali kazini kulikatazwa, kwa hiyo tulipokezana: mmoja akijificha nyuma ya majora ya vitambaa, mwenzake anakanyaga cherehani zote mbili, hii na ile, ili msimamizi asisikie kimya. Siku moja msimamizi aliikuta kanga ya kuswalia kule nyuma. Akaniuliza ni ya nani.

Ilikuwa yangu. Nikasema ya Salama.

Msimamizi hakumwonyesha Salama hiyo kanga. Alimwambia tu kwamba amechongewa na mwenzake, akamfukuza siku ile ile, naye ana mtoto mchanga na mume hana kazi. Nilipojifungua mwaka uliofuata, ni Salama aliyekuja kunikanda kwa maji ya moto. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Daktari ameniambia moyo wangu umechoka, wala hakuficha. Mungu husamehe yaliyo baina yako na Yeye. Haki ya mja humngoja mwenyewe aisamehe. Hayo nimewafundisha watoto wa watu.

Rahma alinitazama kama mtu asiyenijua. "Bi Salama wa Flemingdon Park? Anayetuletea kashata?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Yuko hai, Bibi. Mpigie."

Nimempigia leo asubuhi.

"Shoga! Mzima wewe, au wameshakuvisha sanda hatujaambiwa?"

"Salama, aliyekuchongea kiwandani ni mimi."

Nilisikia birika lake likipiga mluzi jikoni. Hakulizima.

"Sema tena."

Nikasema tena, na habari ya kanga nikaieleza. Nilitegemea matusi. Nilitegemea kilio. Hata msamaha nilithubutu kuutegemea, maana Salama ni mwepesi wa kusamehe.

"Mimi nilimshuku Zulekha," alisema taratibu. "Yule aliyekuwa akikata vitambaa meza ya mbele. Miaka yote hii. Alikuja kwangu mara mbili akiapa, nikamfungia mlango. Alipokufa sikwenda hata kumzika."

Akakata simu.

Nimekaa hapa dirishani tangu asubuhi, chai imepoa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi moja. Zulekha nilikula naye chakula cha mchana miaka sita, na sikujua kuwa amebeba mzigo wangu mpaka kaburini.

Kesho Rahma atanipeleka Flemingdon Park, Salama anifungulie mlango asinifungulie. Kwake angalau pana mlango wa kugonga.

Na radhi ya Zulekha, nikamwombe nani?